Kuugua Wakati wa Notisi: Haki na Wajibu wa Mfanyakazi Anayeacha Kazi

ELIMU KWA UMMA: SHERIA ZA KAZI

Chukulia mfano wa mhudumu wa jikoni katika hoteli moja ya ufuoni. Amepata kazi nyingine karibu na nyumbani kwao, na tarehe mosi ya mwezi anamkabidhi meneja barua ya kujiuzulu. Mkataba wake unadai notisi ya mwezi mmoja, kwa hivyo siku yake ya mwisho kazini ni tarehe 30. Tarehe 12 anaamka na homa kali. Zahanati inampima, inampa dawa na kumwandikia mapumziko. Hali haibadiliki haraka, na mapumziko yanaongezwa hadi yanafika siku 9 za kazi.

Anaporudi, anaambiwa maneno matatu. La kwanza, mtu aliyejiuzulu hana likizo ya ugonjwa. La pili, siku 9 alizolala atazifidia mwezi unaofuata kabla ya kuruhusiwa kuondoka. La tatu, akikataa kuzifidia, mshahara wake wa mwisho hautalipwa.

Je, kisheria maneno hayo yana msingi? Makala haya yanayachunguza moja baada ya jingine, kisha yanaeleza hatua ambazo mfanyakazi na mwajiri wanaweza kuchukua ili waachane kwa amani. Sheria inayotumika hapa ni Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, ambayo huwahusu wafanyakazi wengi nchini wakiwemo wa hoteli, maduka, mashamba, shule za kibinafsi na majumbani. Sheria hiyo haiwahusu wanajeshi, polisi, askari wa magereza na vijana wa Huduma ya Vijana kwa Taifa, ambao wana taratibu zao.

NOTISI NI NINI HASA

Notisi ni taarifa ya maandishi kwamba mkataba wa kazi utafika mwisho siku fulani. Mkataba hauishi siku barua inapotolewa. Unaendelea kuwa hai hadi siku ya mwisho ya notisi.

Hilo ndilo jambo la msingi ambalo watu wengi hulisahau. Mfanyakazi aliye kwenye notisi bado ni mfanyakazi kamili. Anatakiwa kufika kazini kwa wakati, kutii maagizo halali na kulinda mali ya mwajiri. Mwajiri naye anatakiwa kumlipa mshahara, kumpa siku za mapumziko na kuheshimu likizo zake. Hakuna upande unaoruhusiwa kuchagua sehemu ya mkataba inayoupendeza na kuiacha ile nyingine.

Urefu wa notisi hutegemea jinsi mtu anavyolipwa na kile mkataba unachosema. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Ajira kinaeleza hivi:

• Anayelipwa kwa siku: mkataba unaweza kukomeshwa jioni ya siku yoyote bila notisi.

• Anayelipwa kwa vipindi vilivyo chini ya mwezi, kwa mfano kila wiki au kila wiki mbili: mkataba hukoma mwishoni mwa kipindi kinachofuata baada ya notisi ya maandishi.

• Anayelipwa kila mwezi au zaidi: mkataba hukoma siku 28 baada ya notisi ya maandishi.

Ikiwa mkataba umeweka muda mrefu zaidi, kwa mfano mwezi mmoja au miezi 3, muda huo wa mkataba ndio unaofuatwa. Aliye katika kipindi cha majaribio anaweza kuondoka kwa notisi ya siku 7.

Kibarua wa siku naye asijidharau. Kifungu cha 37 kinasema kwamba kibarua anayefanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi mmoja, au anayepewa kazi ambayo haiwezi kumalizika chini ya miezi 3, huhesabiwa kuwa mfanyakazi wa kulipwa kila mwezi. Akiwa na miezi 2 au zaidi ya kazi mfululizo, hupata haki sawa na wenzake ambao hawakuanza kama vibarua.

Jambo jingine la kukumbuka ni kwamba kujiuzulu ni uamuzi wa upande mmoja. Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi imeshikilia kwamba barua ya kujiuzulu haihitaji kukubaliwa na mwajiri ndipo iwe na nguvu. Mwajiri huipokea tu. Kwa sababu hiyo, kauli kwamba "barua yako haijakubaliwa, kwa hivyo siku hazijaanza kuhesabiwa" haina uzito wa kisheria ikiwa barua ilipokelewa.

NENO LA KWANZA: "ALIYEJIUZULU HANA LIKIZO YA UGONJWA"

Neno hili si kweli.

Kifungu cha 30 kinasema kwamba mfanyakazi aliyekwisha kumfanyia mwajiri kazi kwa miezi 2 mfululizo ana haki ya kupata, katika kila kipindi cha miezi 12, siku zisizopungua 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili, na baada ya hizo, siku 7 nyingine kwa nusu mshahara. Kifungu hicho hakimwondoi mfanyakazi aliye kwenye notisi. Maadamu mkataba bado upo, haki hiyo nayo ipo.

Hizo siku 7 na 7 ni kiwango cha chini kabisa. Mkataba wa mtu binafsi, mkataba wa pamoja kati ya chama cha wafanyakazi na mwajiri, au amri ya serikali kuhusu mishahara inaweza kutoa zaidi. Kwa mfano, Amri ya Jumla ya Mishahara hutoa hadi siku 30 kwa mshahara kamili na siku 15 kwa nusu mshahara kwa wafanyakazi wanaohusika nayo. Pale ambapo masharti mawili yanatofautiana, yale yanayomfaa mfanyakazi zaidi ndiyo yanayotumika. Hivyo basi, jambo la kwanza kufanya ni kuutoa mkataba kabatini na kuusoma sehemu inayohusu ugonjwa. Mwajiri anatakiwa kueleza masharti hayo katika maelezo ya maandishi ya kazi.

Haki hii hata hivyo ina masharti mawili, na hapa ndipo wafanyakazi wengi hujiponza.

Sharti la kwanza ni cheti. Sheria inataka cheti kinachoonyesha kwamba mfanyakazi hawezi kufanya kazi, kilichotiwa sahihi na daktari aliyehitimu, au na mtu anayesimamia zahanati au kituo cha matibabu kwa niaba ya daktari. Maneno hayo ni muhimu kwa wakazi wa maeneo ya mashambani. Si lazima mtu asafiri hadi hospitali kubwa ya mjini ili kupata cheti kinachokubalika. Cheti kutoka kwa msimamizi wa zahanati ya karibu kinatosha, mradi kiwe na jina la mgonjwa, tarehe, idadi ya siku za mapumziko, sahihi na muhuri wa kituo. Risiti ya dawa au kadi ya kliniki peke yake si cheti cha kupumzika.

Sharti la pili ni taarifa. Mfanyakazi anatakiwa kumjulisha mwajiri, yeye mwenyewe au kupitia mtu mwingine, mapema iwezekanavyo kwamba hatafika kazini na sababu yake. Asipofanya hivyo anaweza kupoteza haki ya mshahara kamili hata kama kweli alikuwa mgonjwa. Mgonjwa asiyeweza kushika simu anaweza kujulishiwa na mume, mke, ndugu au jirani.

Ujumbe wenyewe hauhitaji maneno mengi. Mfano:

"Habari za asubuhi, madam. Nimeamka na homa kali na nimetoka zahanati sasa hivi. Nimepewa mapumziko ya siku 3, kuanzia leo tarehe 12 hadi tarehe 14. Natuma picha ya cheti, na chenyewe nitakileta nikirudi. Naomba mtu wa kushika zamu yangu. Asante."

Ujumbe kama huo una mambo yote yanayohitajika: sababu, tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza na uthibitisho. Tena unabaki ndani ya simu kama ushahidi. Mazungumzo ya mdomo langoni hayabaki popote.

NENO LA PILI: "SIKU ULIZOLALA UTAZIFIDIA"

Sheria ya Ajira haina kifungu kinachosema kwamba siku za ugonjwa husimamisha hesabu ya notisi au kuirefusha. Notisi huhesabiwa kwa kalenda. Ikiwa barua ilitolewa tarehe mosi na siku ya mwisho ni tarehe 30, basi mkataba unakoma tarehe 30, iwe mfanyakazi alikuwa jikoni, likizoni au kitandani.

Mwajiri anaweza kumwomba mfanyakazi aongeze siku chache ili amalize kukabidhi kazi. Ombi si kosa. Mfanyakazi anaweza kukubali, na wakikubaliana inafaa waandike tarehe mpya na malipo ya siku hizo, kisha wote watie sahihi. Lakini asipokubali, halazimishwi. Kazi mpya huenda inaanza tarehe mosi ya mwezi unaofuata, na kukosa kuripoti huko kunaweza kumpotezea nafasi aliyoisubiri kwa muda mrefu.

Kabla ya kubishana, pande zote mbili zisome mkataba. Ikiwa una sharti maalum kuhusu ugonjwa wakati wa notisi, sharti hilo lilinganishwe na sheria. Mkataba unaweza kumwongezea mfanyakazi haki, lakini hauwezi kumpunguzia chini ya kiwango cha sheria.

Itakuwaje ikiwa ugonjwa unapita siku 14 na mkataba hautoi zaidi? Siku zinazozidi hazina malipo ya lazima. Mfanyakazi anaweza kuomba zihesabiwe kama likizo ya mwaka ikiwa bado ana siku zake, au akubali zisilipwe. Hata hivyo, notisi inaendelea kuhesabiwa, na siku ya mwisho ikifika mkataba unakoma.

Vilevile, sheria haimkatazi mfanyakazi kuandika barua ya kujiuzulu akiwa tayari mgonjwa. Anachotakiwa ni kutoa notisi kamili na kuendelea kuleta vyeti kwa siku ambazo hawezi kufanya kazi.

NENO LA TATU: "HAKUNA MSHAHARA WA MWISHO"

Hili ndilo neno zito kuliko yote, kwa sababu linagusa unga wa nyumbani na karo ya watoto.

Mshahara wa siku zilizofanyiwa kazi si zawadi ya kuagana. Ni deni. Hata mfanyakazi aliyefutwa kazi papo hapo kwa kosa kubwa, kifungu cha 18 kinaagiza alipwe fedha zote, marupurupu na manufaa anayodai hadi siku aliyofutwa. Ikiwa huyo analipwa, aliyeondoka kwa notisi halali akiwa na cheti cha zahanati hawezi kunyimwa.

Makato nayo yana mipaka. Kifungu cha 19 kinamruhusu mwajiri kukata kiasi kisichozidi mshahara wa siku moja kwa kila siku ambayo mfanyakazi hakufika kazini bila ruhusa au sababu halali. Ugonjwa uliothibitishwa kwa cheti ni sababu halali. Mwajiri pia hawezi kuzihesabu siku hizo kama notisi ambayo haikutolewa na kumkata mfanyakazi mshahara wa mwezi mzima.

Tuangalie hesabu ya mhudumu wa jikoni. Tuseme mshahara wake ni Sh26,000 kwa mwezi wa siku 26 za kazi, yaani Sh1,000 kwa siku. Alikuwa mgonjwa siku 9 za kazi na hakuwa ametumia siku yoyote ya ugonjwa mwaka huo. Amekamilisha miezi 8 tangu mwaka wake wa likizo uanze, na hajaenda likizo.

• Siku 17 alizofanya kazi: Sh17,000.

• Siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili: Sh7,000.

• Siku 2 za ugonjwa kwa nusu mshahara: Sh1,000.

• Jumla ya mshahara wa mwezi wa mwisho: Sh25,000.

• Likizo ya mwaka isiyotumika: siku 1.75 kwa kila mwezi uliokamilika, mara miezi 8, ni siku 14, yaani Sh14,000.

• Jumla kuu kabla ya makato ya kisheria: Sh39,000.

Ugonjwa wa siku 9 umempunguzia Sh1,000 pekee. Lau angekuwa tayari ametumia siku 3 za ugonjwa mapema mwaka huo, zingebaki siku 4 za mshahara kamili na siku 5 zingelipwa nusu. Mshahara wa mwezi ungekuwa Sh23,500. Katika hali zote mbili, kumwambia aende mikono mitupu ni kumnyima jasho lake.

Kuna jambo dogo la tarehe ambalo linaweza kumsaidia mfanyakazi. Kipindi cha miezi 12 cha likizo ya ugonjwa huanza kuhesabiwa tangu siku alipoajiriwa, isipokuwa mwajiri ameweka tarehe moja kwa wafanyakazi wote. Ikiwa mwaka mpya wa kazi unaanza katikati ya notisi, siku za ugonjwa nazo huanza upya.

LIKIZO YA UGONJWA SI NJIA YA KUKWEPA NOTISI

Waajiri nao wana malalamiko ya haki. Mwenye mgahawa anayeletewa cheti siku moja baada ya barua ya kujiuzulu, kisha akasikia kwamba mfanyakazi ameonekana akihudumia wateja mahali pengine, ana sababu ya kukasirika. Ni haki yake kuuliza.

Mwajiri anaweza kuwasiliana na kituo cha afya ili kuthibitisha kwamba cheti kilitolewa huko. Asichoweza kufanya ni kudai kujua kila kitu kuhusu ugonjwa wenyewe. Sheria inataka cheti cha kuonyesha kwamba mtu hawezi kufanya kazi, wala haimlazimishi mfanyakazi kutangaza maradhi yake mbele ya wenzake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Meneja anayebandika cheti cha mtu ukutani au kukisambaza katika kundi la WhatsApp la kazini anajitafutia matatizo.

Kwa upande wa mfanyakazi, kununua cheti bandia ni hatari kubwa. Kughushi hati ni kosa la jinai chini ya Kanuni ya Adhabu, na kutumia hati ya kughushi ukijua hivyo ni kosa pia. Kutofika kazini bila ruhusa wala sababu halali ni mojawapo ya makosa yanayoweza kumfanya mtu afutwe papo hapo chini ya kifungu cha 44. Hata hapo, mwajiri anatakiwa kufuata kifungu cha 41: amweleze mfanyakazi kosa analodaiwa kwa lugha anayoielewa, na amsikilize yeye pamoja na mwenzake wa kazini au mwakilishi wa chama aliyemchagua.

Anayehitaji kuondoka mapema ana njia halali. Anaweza kuzungumza na mwajiri na kuomba apunguziwe notisi. Anaweza pia kulipa badala ya notisi, yaani kumpa mwajiri kiasi sawa na mshahara wa siku ambazo hatatumikia, kama kifungu cha 36 kinavyoeleza. Na ikiwa ni mwajiri anayesema "nenda tu leo, hatukuhitaji tena," kifungu cha 38 kinamtaka amlipe mfanyakazi kwa siku za notisi zilizobaki, isipokuwa wamekubaliana vingine.

AKIUMIA KAZINI

Ikiwa aliye kwenye notisi ameungua kwa mafuta ya jikoni, ameanguka kutoka kwenye ngazi au amekatwa na mashine, hilo si suala la likizo ya ugonjwa pekee. Linaingia chini ya Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007. Amjulishe mwajiri mara moja, na mwajiri anatakiwa kuripoti ajali hiyo kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini ndani ya siku 7. Haki ya kufidiwa haipotei kwa sababu mtu alikuwa amebakisha wiki moja aondoke.

HATUA ZA KUFUATA

Mfanyakazi anayeugua akiwa kwenye notisi anashauriwa afanye hivi:

1. Ahifadhi nakala ya barua ya kujiuzulu iliyotiwa sahihi au muhuri wa kupokelewa, yenye tarehe.

2. Aende kituo cha afya siku ile ile anaposhindwa kufanya kazi. Cheti cha kurudisha tarehe nyuma huzua maswali.

3. Amjulishe mkubwa wake siku hiyo hiyo kwa ujumbe wa maandishi.

4. Apeleke cheti chenyewe ofisini na abaki na nakala au picha. Mapumziko yakiongezwa, apeleke cheti kingine kabla cha kwanza hakijaisha.

5. Asifanye kazi nyingine yoyote ya malipo katika siku za mapumziko.

6. Akipata nafuu, arudi kumalizia siku zilizobaki na kukabidhi funguo, sare na vifaa. Ikiwa hawezi kurudi kabla ya siku ya mwisho, amtume mtu anayemwamini na achukue hati ya kupokelewa.

7. Aombe hesabu ya malipo ya mwisho kwa maandishi, ikionyesha siku za kazi, siku za ugonjwa, likizo iliyobaki na makato.

8. Aombe cheti cha utumishi. Kifungu cha 51 kinamtaka mwajiri akitoe kwa kila aliyefanya kazi kwa wiki 4 mfululizo au zaidi. Mwajiri anayekataa anaweza kutozwa faini isiyozidi Sh100,000, kufungwa jela kwa muda usiozidi miezi 6, au vyote viwili.

Mwajiri naye anashauriwa aweke daftari la likizo kwa kila mfanyakazi, apokee vyeti kwa sahihi, apange mtu wa kushika zamu mapema, na asitumie mshahara wa mwisho kama fimbo. Kesi ya Sh39,000 inaweza kumgharimu zaidi ya hapo kwa muda, mawakili na sifa ya biashara yake.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Barua moja, vyeti viwili na ujumbe wa simu vinaweza kuamua nani ana haki.

MATIBABU BAADA YA KUACHA KAZI

Mtu anayeacha kazi akiwa bado mgonjwa afikirie pia gharama za matibabu. Bima ya kibinafsi iliyolipwa na mwajiri kwa kawaida hukoma pamoja na ajira. Mchango wa Bima ya Afya ya Jamii, ambao ni asilimia 2.75 ya mshahara kabla ya makato, hukatwa na mwajiri maadamu mtu yuko kwenye orodha ya mishahara. Akiondoka, mwajiri mpya ndiye anayeendelea kuukata. Ikiwa kuna pengo kati ya kazi moja na nyingine, au anaenda kujiajiri, atatakiwa kulipa mwenyewe kupitia Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Ni vyema kuhakikisha michango iko sawa kabla ya siku ya mwisho, hasa kwa mwenye miadi ya kliniki au upasuaji.

PA KUPATA MSAADA

Chini ya Katiba, viwango vya kazi ni jukumu la Serikali ya Kitaifa, ilhali hospitali na zahanati za kaunti ziko chini ya serikali ya kaunti. Kwa hivyo kituo cha afya cha kaunti kitatoa matibabu na cheti, lakini mgogoro wa malipo hupelekwa kwa afisa wa leba wa Wizara inayohusika na leba. Mfanyakazi abebe mkataba, barua ya kujiuzulu, vyeti vya ugonjwa, hati za mshahara au taarifa ya M-Pesa, na ujumbe alioandikiana na mwajiri. Afisa wa leba anaweza kuwaita wote wawili na kutafuta suluhu.

Aliye mwanachama wa chama cha wafanyakazi aanze kwa mwakilishi wake kazini. Wafanyakazi wa hoteli na wa majumbani, kwa mfano, huwakilishwa na KUDHEIHA.

Suluhu ikikosekana, mahakama ipo. Mfanyakazi ambaye mshahara wake hauzidi Sh80,000 kwa mwezi anaweza kufungua kesi mbele ya hakimu aliyeidhinishwa kusikiliza migogoro ya ajira, bila kulazimika kwenda Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Muda nao ni muhimu. Lalamiko la kufutwa kazi bila haki hufikishwa kwa afisa wa leba ndani ya miezi 3 tangu siku ya kufutwa, na kesi ya madai yanayotokana na mkataba wa kazi hufunguliwa ndani ya miaka 3.

Wafanyakazi wa serikali ya kaunti wafuate mwongozo wa utumishi wa umma na waanze na afisa wa usimamizi wa wafanyakazi katika idara zao.

MASWALI YANAYOULIZWA

Mfanyakazi wa mwezi mmoja akiugua baada ya kutoa notisi, atalipwa? Haki ya kifungu cha 30 huanza baada ya miezi 2 ya kazi. Kabla ya hapo atategemea mkataba wake au amri ya mishahara inayomhusu.

Mwajiri anaweza kubadilisha siku za ugonjwa ziwe likizo ya mwaka bila kuuliza? Hapana. Ni haki mbili tofauti, kila moja na kifungu chake. Zinaweza kubadilishwa kwa makubaliano, hasa siku za ugonjwa zenye malipo zinapokwisha.

Ugonjwa wa akili unahesabiwa? Ndiyo. Sheria haichagui aina ya ugonjwa. Kinachotakiwa ni cheti cha mhudumu wa afya aliyehitimu kwamba mtu huyo hawezi kufanya kazi kwa siku hizo.

Mfanyakazi wa nyumbani asiye na mkataba wa maandishi ana haki hizi? Ndiyo. Mkataba wa mdomo ni mkataba. Ikiwa analipwa kila mwezi, notisi yake ni siku 28 na siku zake za ugonjwa ni zile zile.

Tukirudi kwa mhudumu wa jikoni, jibu lake sasa liko wazi. Siku zake 9 zina cheti, mwajiri alijulishwa, na notisi yake inaisha tarehe 30 kama alivyoandika. Anatakiwa kumaliza siku zilizobaki kwa bidii, kurudisha sare na funguo, kisha aondoke na Sh39,000 zake, zikiwa zimetolewa makato ya kisheria pekee, pamoja na cheti cha utumishi mkononi. Asipopewa, mlango wa afisa wa leba uko wazi.